Fuwele Inayopima Uzito wa Harufu

Mara ya kwanza kufungwa kiwandani, kifaa chetu cha kupima mvuke wa kemikali kilifanya kazi kwa muda wa saa 11. Najua kwa sababu nilikesha nacho, nimekaa kwenye ngazi ya chuma nyuma ya matangi, kompyuta mapajani, nikitazama mstari mmoja wa kijani ukienda taratibu kwenye kioo. Kisha kengele ikalia, vali kubwa ikafunguka, mvuke wa maji ukavuma ndani ya bomba, na mstari wangu ukaanguka kama ndoo iliyokatikiwa kamba kisimani. Kwa mujibu wa kifaa, hewa ya bomba lile ilikuwa imejaa sumu kiasi cha kumwangusha mtu. Msimamizi wa zamu, mzee mmoja wa Kijerumani ambaye tangu jioni alikuwa ananiletea chai, akaja, akatazama kioo, akaligusa bomba kwa kiganja, akasema kwa upole: "Hayo ni maji tu."

Wasomaji wangu wanaosomea elektroniki huniuliza mara kwa mara kazi ya vihisi vya gesi ikoje huku Ulaya, na kwa nini teknolojia wanayoikuta kwenye makala za kitaalamu hawaikuti dukani. Nimeahirisha jibu kwa miaka, kwa sababu jibu langu linaanzia kwenye ngazi ile na maji yale.

Kiwanda kiko Saksonia, mashariki mwa Ujerumani. Kinachapa magazeti ya rangi na katalogi kwa silinda kubwa zilizovikwa shaba na kuchongwa vishimo vidogo vya kubebea wino. Wino huo huyeyushwa kwa tolueni, kimiminika chenye harufu ambayo kila aliyewahi kusimama karibu na fundi rangi akichanganya tina anaifahamu. Karatasi inapokauka, karibu tolueni yote inageuka mvuke. Huwezi kuuachia utoke nje, na huwezi kukubali kuupoteza, maana ni mali. Kwa hiyo hewa yote ya mashine inasukumwa kupitia matangi yaliyojaa mkaa amilifu, yaani mkaa uliotayarishwa hadi ukawa na vitundu visivyohesabika, na mvuke unang'ang'ania humo. Mkaa ukishiba, unapulizwa mvuke wa maji ya moto. Tolueni inaachia, inapozwa, inajitenga na maji yenyewe, kisha inarudi kwenye wino. Ni mzunguko mzuri sana. Niliupenda siku ya kwanza nilipoelezwa.

Swali la kiwanda lilikuwa moja: tangi hili limeshiba saa ngapi? Ukilisafisha mapema unachoma nishati bure. Ukichelewa, tolueni inatoka na bomba la juu. Walikuwa na kichanganuzi kimoja kinachotumia mwali wa hidrojeni, sahihi na ghali, kinachoyazungukia matangi yote kwa zamu. Sisi, kampuni ndogo ya watu saba, tulikwenda kuwaambia kwamba tunaweza kuweka kihisi kidogo kwenye kila tangi, kikae hapo mchana na usiku.

Kihisi chenyewe ni kipande cha kwatzi, madini yale yale yanayohesabu sekunde ndani ya saa ya mkononi. Mwaka 1880 ndugu wawili wa Ufaransa, Jacques na Pierre Curie, walionyesha kwamba fuwele za namna hii zikibanwa hutoa umeme. Baadaye ikathibitika kwamba kinyume chake nacho ni kweli: ukizipa umeme zinajikunja. Mwaka 1885 mwanafizikia wa Uingereza, Lord Rayleigh, akaeleza kwa hesabu wimbi linalokwenda juu ya uso wa kitu kigumu bila kuzama ndani, wimbi la aina ile inayotikisa ardhi wakati wa tetemeko. Mambo haya mawili yakakaa mbalimbali kwa miaka 80. Mwaka 1965, huko Berkeley, California, Richard White na Frederick Voltmer wakachora juu ya fuwele vidole vyembamba vya metali, vimeingiliana kama meno ya vitana viwili, wakavipa umeme unaogeuka haraka, na wimbi la Rayleigh likaanza kukimbia juu ya kipande kinachotosha kwenye ncha ya kidole.

Kwenye kwatzi wimbi hilo linakwenda kama mita 3,158 kwa sekunde. Kifaa chetu kilitumia masafa ya megahezi 433, yaani mitikisiko milioni 433 kwa sekunde, kwa hiyo kutoka mgongo wa wimbi moja hadi mwingine ni mikroni saba na kitu, takribani upana wa chembe nyekundu ya damu. Juu ya njia ya wimbi tulipaka utando mwembamba sana wa polima inayoitwa poliisobutileni. Jina linatisha, lakini ni ukoo mmoja na mpira wa tyubu za baiskeli. Mvuke wa tolueni ukigusa utando huo unaingia ndani kama mchuzi unavyoingia kwenye mkate, utando unakuwa mzito kidogo, wimbi linapunguza mwendo, na masafa yanashuka. Tolueni ya sehemu 100 kwa milioni moja za hewa ilitushushia kama hezi 200. Mia mbili, kati ya milioni 433. Na bado unazisoma vizuri kabisa, kwa sababu katika vitu vyote ambavyo binadamu amejifunza kupima, hakuna anachokipima kwa urahisi na usahihi kama masafa.

Hapa ndipo mtu anaponaswa na mapenzi. Mimi nilinaswa. Unashika mkononi mizani inayopima uzito wa harufu.

Tena ni mizani ambayo ndugu zake wanatengenezwa kwa wingi usioaminika. Simu uliyoshika sasa hivi ina vipande vingi vya fuwele vya aina hii ndani yake, vinavyochuja masafa ya mtandao ili sauti ya mwenzako isichanganyikane na mawimbi mengine yaliyojaa hewani. Kabla ya simu vilikuwa ndani ya televisheni. Kwa hiyo mwaka 1979, Henry Wohltjen na Raymond Dessy walipochapisha kazi yao iliyoonyesha kwamba fuwele hizo zinaweza kupima mvuke wa kemikali, ilikuwa rahisi kuona mbele: kiwanda kipo, bei iko chini, usahihi upo, kilichobaki ni kupaka utando na kuuza. Mimi pia niliingia kazini nikiamini hivyo.

Kosa limejificha kwenye neno "kupaka". Fuwele ya simu inafungwa kwenye kifuko kisichopitisha hata pumzi, na humo inaishi maisha yake yote. Fuwele ya gesi lazima iachwe wazi, maana kazi yake ni kuguswa. Na kinachoigusa hakichaguliwi. Vumbi lina uzito. Mafuta ya mashine yana uzito. Maji yana uzito. Utando nao hautulii: ukizeeka unajikusanya kuwa vitone kama mafuta juu ya supu iliyopoa, na kila kitone kikisogea, sifuri yako, yaani usomaji wa hewa safi, inasogea nacho. Joto ni balaa jingine. Zipo fuwele za niobati ya lithi ambazo ni kali kuliko kwatzi kwa mambo mengi, lakini zile zinazotumika sana, joto likipanda digrii moja tu, masafa ya megahezi 433 yanahama kama hezi 30,000 hadi 40,000. Linganisha na zile mia mbili za tolueni. Kwatzi iliyokatwa kwa pembe maalumu inatulia karibu na joto la chumba, ndiyo maana tuliichagua. Ila bomba la kiwanda halina joto la chumba.

Kuna jambo jingine ambalo vitabu hulitaja kwa sentensi moja na kupita, nami nadhani ndilo lililoamua hatima ya biashara hii yote. Utando wa polima hunyonya vizuri mvuke mzito, ule wa vitu vinavyochemka kwenye joto kubwa na vinavyopenda kurudi kuwa kimiminika. Gesi nyepesi kama methani inapita juu yake kama mgeni asiye na ndugu mtaani. Nilipokwenda likizo Tanga, mama alinisikiliza nikieleza kazi yangu hadi mwisho, kisha akasema: "Basi mwanangu, si uniletee kimoja nikiweke jikoni, karibu na mtungi?" Nikamwambia, "Mama, hiki hakikufai." Akadhani ninambania. Ukweli ni kwamba gesi ya mitungi ya kupikia ni propani na butani, nyepesi mno kwa utando wangu kuzishika ipasavyo. Jikoni kwa mama palishapata mwenyewe zamani: Naoyoshi Taguchi wa Japani, ambaye mwaka 1962 alitengeneza kihisi cha oksidi ya bati inayopashwa moto, akiifikiria hatari hiyo hiyo ya gesi kuvuja nyumbani. Kihisi chake hakina usahihi wa kujivunia, lakini ni rahisi, kinavumilia, na kwa jikoni kinatosha. Nilimnunulia mama kimojawapo mjini. Kipo ukutani hadi leo.

Kwa hiyo soko la wengi, la gesi ya kupikia, la methani migodini, la kaboni monoksaidi majumbani, lilikuwa na wenyewe kabla mawimbi hayajafika. Fizikia ya utando ilituchagulia wateja: wale wanaotafuta mvuke mzito, kwa kiasi kidogo sana. Nani hao? Wanajeshi wanaohofia sumu za neva. Maofisa wa forodha. Wapima mabomu. Wohltjen mwenyewe alipitia maabara ya jeshi la majini la Marekani, kisha akaanzisha kampuni iliyouza vifaa vya kubeba mkononi kwa ajili hiyo. Jeshi la Marekani likaweka fedha kwenye mradi wa kigunduzi kimoja kwa vikosi vyote, na kilichotengenezwa kwanza kilitumia mawimbi ya uso wa fuwele. Lakini kifaa kilichokuja kugawiwa askari kwa jina la mradi huo kinatumia njia nyingine kabisa, ya kupima mwendo wa ioni, yaani chembe zenye chaji ya umeme, hewani. Habari hiyo iliniuma nilipoisoma, ingawa ilikuwa ya zamani na hainihusu. Ndivyo unavyokuwa ukipenda kitu.

Aliyenitia moyo zaidi ni Edward Staples wa California, na kifaa chake kinachoitwa zNose. Yeye aliutupa utando. Fuwele yake iko tupu. Hewa inapitishwa kwanza kwenye mrija mrefu mwembamba unaotenganisha mivuke, huu unatangulia, ule unafuata, na kila mmoja ukitoka unapuliziwa kwenye fuwele iliyopozwa, unaganda juu yake kama umande, unapimwa. Kisha fuwele inapashwa moto na kuwa safi tena. Kazi ya kutambua nani ni nani inafanywa na mrija. Fuwele imeachiwa kupima uzito tu, kazi ambayo hakuna anayeiweza kuliko yeye. Kifaa hicho kiliuzwa kweli, kwa watu wanaochunguza vyakula, manukato na mizigo. Si cha bei ya jikoni, wala hakikudai kuwa hivyo.

Narudi kwenye ngazi yangu. Poliisobutileni haipendi maji. Ndiyo sababu tuliichagua. Katika maabara tuliijaribu kwenye unyevu wa asilimia 20, 40, 60, 80, na kila mara iliyumba kidogo tu, tukaandika kwenye ripoti kwamba unyevu si tatizo. Hatukuwahi kuijaribu kwenye bomba ambalo limetoka kupulizwa mvuke. Pale maji hayahitaji kupendwa na mtu. Yanatua tu, matone juu ya fuwele, na wimbi linakwama. Matangi yalisafishwa kila baada ya saa kadhaa, na kila usafishaji ulitugharimu muda mrefu wa upofu, hasa wakati ambao kiwanda kilitaka kujua kama tangi limerudi kuwa safi. Tulipasha moto sanduku la kihisi. Ikasaidia matone, ikaharibu utando. Tukaongeza fuwele ya pili isiyo na utando ili tutoe hesabu ya tofauti. Ikapunguza tatizo kwa nusu. Mtu wa programu akapendekeza kuifundisha kompyuta umbo la kuanguka kwa mvuke, ilipuuze. Iliweza kwa wiki tatu, kisha kiwanda kikabadilisha vali, umbo likabadilika.

Aliyenifungua macho ni mtoto wa mama yangu mdogo. Ni fundi wa vipimo kwenye mtambo mmoja wa gesi pwani yetu. Tangu mwaka 2004 gesi ya Songo Songo ilipoanza kuletwa Dar es Salaam kwa bomba, kukausha gesi kumekuwa kazi ya kila siku nchini kwetu: maji yakibaki ndani, kwa mgandamizo ule yanashikana na methani na kuwa kitu kigumu kama barafu, bomba linaziba, na kukiwa na kaboni dioksaidi, maji yanakula chuma. Tulikuwa tunazungumza kwenye simu, mambo ya arusi, nikamlalamikia kuhusu mvuke wangu. Akacheka. "Dada, mbona sisi kichanganuzi chetu cha unyevu ndani yake mna fuwele? Kwatzi hiyo hiyo. Kinapima maji, hakipimi kingine, na hakijatusumbua." Nikamuuliza kinajuaje sifuri yake. "Kinavuta gesi yetu, halafu kinavuta gesi kavu, halafu yetu, halafu kavu. Unasikia vali zinagonga siku nzima, tak, tak."

Nilikata simu nikaenda kusoma historia ambayo nilipaswa kuisoma kabla sijagusa fuwele. Mwaka 1959 Günter Sauerbrey, Berlin, alitoa mlinganyo unaounganisha uzito na masafa: kwa fuwele ya megahezi 5, hezi moja ni nanogramu 17.7 kwa kila sentimita mraba. Miaka mitano baadaye, mwaka 1964, William King, mtafiti wa kampuni ya mafuta ya Esso, alipaka fuwele ya namna hiyo vitu vinavyonyonya mvuke, akaonyesha inavyoweza kuwa kigunduzi. Na alipotafuta la kufanya nayo sokoni, alichagua maji. Yale ambayo sisi wengine wote tunapigana nayo, yeye aliyafanya kuwa ndiyo kipimo chenyewe. Kampuni ya kemikali ya DuPont ikatengeneza kichanganuzi cha unyevu kwa msingi huo, baadaye biashara ikaingia mikononi mwa kampuni ya AMETEK, na mpaka leo vifaa vya ukoo huo viko kwenye mabomba ya gesi na mitambo ya kusafisha mafuta duniani. Ni zaidi ya miaka 50 ya biashara isiyo na kelele, ya kihisi cha mawimbi ambacho karibu hakuna makala ya vijana inayokitaja.

Nililia kidogo siku ile, si kwa huzuni. Jibu lilikuwa kwenye zile vali za tak, tak. King hakuiamini sifuri ya fuwele yake. Aliipima upya kila dakika. Utando ukizeeka, unazeeka sawa katika zamu zote mbili, na tofauti inabaki. Ugezi, yaani kukipima kipimo chenyewe, haukuwa shughuli ya fundi anayekuja mara moja kwa mwaka na mtungi wa gesi. Ulikuwa ndani ya mapigo ya kifaa.

Tukajenga upya. Hewa ya bomba inaingia kwenye kihisi, kisha hewa ile ile inapitishwa kwanza kwenye kikopo kidogo cha mkaa kinachoondoa tolueni na kuacha maji yapite, kisha inaingia tena. Zamu na zamu. Maji yako pande zote mbili, kwa hiyo yanajifuta kwenye hesabu. Si kwa ukamilifu: kikopo kipya kinakunywa maji kwa saa kadhaa kabla hakijatulia, na tulilazimika kujifunza kukilowesha kwanza kwa unyevu kabla ya kukifunga. Mrija wote unapashwa joto ili pasiwe na tone. Kila kitu hicho lazima kiwekwe ndani ya sanduku lenye cheti cha ATEX, kwa sababu tolueni inawaka, na Ulaya hakuna atakayekuruhusu kuingiza waya mahali kama pale bila cheti hicho. Cheti kilichukua muda mrefu kuliko fuwele, utando, na programu kwa pamoja.

Mkurugenzi wetu alipiga hesabu ya gharama ubaoni. Fuwele, euro chache. Vali, pampu, kipasha joto, sanduku, cheti: karibu bei yote. Palikuwa kimya. Wawili kati yetu waliacha kazi mwaka ule, na siwalaumu. Walikuja kujenga kitu cha kuweka kwenye simu, na kilichotoka kina uzito wa kilo 9. Mimi nilibaki kwa sababu kilo zile 9 zilikuwa zinasema kweli.

Tulirudi kiwandani mwezi wa Novemba. Mzee wa zamu alikuwa bado yupo, na daftari lake lenye jalada la plastiki, ambamo kwa miaka aliandika saa za kusafisha kila tangi kufuata ratiba. Kwa wiki mbili aliandika safu mbili: ratiba inasema nini, kifaa kinasema nini. Hakuniambia chochote. Mvuke ulivuma, vali zetu ziligonga, mstari wa kijani uliyumba kidogo na kurudi.

Alfajiri ya siku ya kumi na tano ratiba ilitaka tangi la tatu lisafishwe. Kifaa kilisema bado. Akasimama mbele ya kitufe, akageuka kunitazama, akatazama kioo, akatazama tena kioo. Kisha akaenda kuchemsha chai. Tangi lile lilisafishwa saa nne baadaye, na kwenye daftari lake, safu ya ratiba ya siku ile aliipiga mstari.